Nywele Nilizofumua Ijumaa

Salha mwanangu,

Ukiikuta barua hii juu ya sanduku lako, mimi sipo. Leo nalala kwa Mama Kui, na usinifuate. Sina hasira na wewe hata chembe. Ila nikibaki hapa tutabishana, wewe utalia, mimi nitalegea, na kesho treni ya Wuhan itaondoka bila wewe. Nakujua na najijua. Halafu koo lenyewe unalijua, tangu wiki iliyopita linawaka kama nimemeza pilipili ya kusaga, nikisema maneno kumi natafuta maji. Kugomba kwa mdomo siwezi tena. Kwa kalamu bado naweza, tena sana.

Sasa hivi ni saa tisa alasiri. Wewe uko madukani Guangyuan Xilu unatafuta koti la baridi, na nina hakika umeshamkasirisha mwenye duka kwa kulipindua koti ndani nje kukagua mishono kama nilivyokufundisha. Mambo ya kuvaa soksi mbili na kula kwa wakati siandiki. Una akili zako, na Wuhan wanaishi watu.

Naandika kwa sababu ya ulichosema jana. Umesema, "Mama, mimi siendi. Nani atakutafsiria hospitali? Halafu hilo sikio nimekuharibia mimi." Ukageukia ukuta, ukajifunika shuka gubigubi. Nilitaka kukujibu, sauti ikatoka kama ya chura.

Basi jibu ndilo hili. Utakwenda. Chuo cha Wuhan kimekupa nafasi mwaka huu, mwakani watampa mwingine, nawe ukabaki hapa Xiaobei unabeba sampuli za jinzi za mama yako mpaka ukazeeka. Mjomba wako Hamadi kapiga simu tena asubuhi kutoka Dar. "Dada, mtoto wa kike anamwachaje mama mgonjwa ugenini? Watu watasema nini?" Nikamwambia watu waseme, midomo ni yao. Akasema tangu nije China nimekuwa jeuri. Nikamwambia jeuri nilitoka nayo nyumbani, nikapita nayo uwanja wa ndege, na hakuna aliyeniuliza. Akakata simu. Atapiga tena, ndugu yangu huyo.

Lakini hilo la sikio siwezi kuliacha hivi hivi. Wewe unalikumbuka kama kosa lako. Nataka nikusimulie mimi, mwanzo mpaka mwisho, nawe usinikatize.

Kumbuka siku ya kwanza, jengo la mbele, chumba cha CT. Mama Kui alikuwa amenisuka rasta wiki moja kabla, nene, ndefu, nimezikusanya kisogoni chini ya mtandio, fundo la kujaza viganja viwili. Yule mtaalamu, Liang, ndiye aliyetupokea. Wewe uliniambia nimwite Liang shifu, kwamba shifu maana yake fundi, nami nikafurahi, maana madaktari walikuwa wameshanichosha na mafundi nawajua. Kitanda cha ile mashine kimebonyea katikati. Akatandika ubao bapa juu yake, akaupiga kofi, akaeleza, wewe ukanitafsiria: "Anasema kule chini kwenye mashine ya tiba kitanda ni bapa, kwa hiyo na hapa lazima kiwe bapa. Utakavyolala hapa leo ndivyo utakavyolala kule kila siku. Hapa wanachora ramani ya kichwa chako, kule wanapiga mionzi kwa kufuata ramani. Ukilala tofauti, ramani inakuwa ya mtu mwingine."

Nilielewa vizuri sana. Nataka ujue hilo, usije ukasema mama hakuelewa.

Akachovya ile plastiki kwenye maji ya moto, ikalegea kama chapati kabla haijaingia kikaangoni, akanifunika nayo uso, akaifinya pembeni. Ilipopoa ikawa ngumu, imenishika paji, pua na kidevu. Mistari myekundu ya taa ikatoka ukutani, akachora misalaba juu ya kinyago pale ilipokutana. Fundo langu la rasta lilikuwa limeingia kati ya kisogo na ule mto mgumu, likanisukuma kichwa mbele kidogo, na kinyago kikakauka kikiwa kimefuata mkao huo. Liang hajawahi kumlaza mtu mwenye nywele kama zangu. Mimi sikujua kwamba nywele nazo zinahesabika. Mpaka hapo hakuna mwenye kosa.

Kosa lilikuja wiki ya pili. Ulikuwa unafagia chumba, nikaona rasta mbili sakafuni, zimetoka na mizizi. Nikasema hapana. Ugonjwa huu umekaa nyuma ya pua yangu bila kubisha hodi, umenichukulia harufu ya karafuu, umenichukulia ladha ya chai, sasa unataka kuninyoa. Hautaninyoa. Nywele zangu nitazifumua kwa mkono wangu. Ijumaa ile, tuliporudi hospitali, tukakaa kwenye godoro, wewe ukaanza kushoto, mimi kulia, tukafumua mpaka vidole vikafa ganzi. Ulinisimulia habari ya mwalimu wako wa Kichina anayepiga chafya kila akikuta kosa kwenye daftari, nikacheka mpaka kifua kikauma. Ilikuwa siku nzuri, Salha. Najua umeshaitupa kwenye fungu la siku mbaya, nami nakukataza. Irudishe.

Jumatatu kinyago kikacheza. Nilikisikia kabla ya mtu yeyote, kwa sababu uso ni wangu. Kidevu hakikugusa plastiki. Niliweza kufungua meno mle ndani, kitu ambacho wiki mbili sikuweza. Nilijua kwamba silali tena kama nilivyolala siku ya ramani. Sikubahatisha, nilijua, na nikalala kimya mpaka mashine ikamaliza kunguruma.

Tuliporudi nikachukua kipande cha jinzi laini, sampuli kutoka viwanda vya Xintang, nikakikunja, nikakunja tena, nikakishonea ndani ya mtandio usawa wa kisogo. Wewe uliniuliza nafanya nini, nikasema najitengenezea mto. Miaka kumi na minane napima viuno vya suruali kwa jicho. Kule Xintang nikisema kiuno hiki kimezidi upana wa kidole, wanapima na wanakuta kimezidi. Nikajiambia kichwa kinanishinda nini. Nikavimba kichwa kweli kweli, hicho hicho chenye ugonjwa.

Kesho yake Liang akaona mtandio umetuna kisogoni. Uliona mkono wake? Aliuinua kama anataka kuushika, akaurudisha chini. Akakuuliza wewe, kwa sauti ya adabu kabisa, kama huu ndio mtandio niliouvaa siku ya CT, bila kuongezwa kitu. Ukanitazama. Nikasema, "Mwambie ndiyo, ni ule ule."

Ukasema, "Mama, lakini siku ile..."

Nikakufinya kiwiko. "Mwambie."

Ukamwambia. Hiyo ndiyo dhambi yako yote, mwanangu, neno moja, umefinywa. Yangu ni ndefu zaidi, na inaanzia mbali.

Ulipokuwa na miaka sita, Kariakoo, mwenye nyumba akija nilikuwa nakutuma mlangoni umwambie mama katoka. Mimi niko nyuma ya pazia, miguu inaonekana. Ulikuwa unasema bila kupepesa macho, nami nikakusifu mbele ya majirani kwamba mtoto huyu ana kifua. Ulipokuja huku na ukashika Kichina kuliko mimi, nikakufanya mdomo wangu kabisa. Tukiingia kwa laoban, mwenye kiwanda, nakwambia kwa Kiswahili, usimwambie kwamba mzigo tunauhitaji upesi, mwambie tuna mahali pengine pa kwenda, jifanye umechoka. Ulifanya vizuri mno. Nikaona nimekulea mjanja. Sikuona kwamba sijawahi kukupa nafasi ya kusema la kwako.

Na sokoni ndivyo tunavyoishi, usimwonyeshe mwenye duka panapokuuma, atakubana hapo hapo. Hiyo imenilisha na imekulisha wewe. Shida ni kwamba nilimfanyia biashara hata Liang. Nilimwona kama laoban, nikamficha panaponiuma, yeye ambaye kazi yake yote ni kupajua panaponiuma. Ujinga kama huo lazima uwe mfanyabiashara miaka mingi ndipo uuweze.

Kuna na sababu nyingine, nitaisema ingawa sitaki. Nilihesabu siku. Nilijua nikisema ukweli watanirudisha CT, wachonge kinyago kipya, wachore ramani upya, na matibabu yatavuka siku yako ya kuondoka. Nilitaka nimalize kabla yako, ili uondoke huna kisingizio. Kwa hiyo nilikudanganyisha ili usome. Sasa tazama yalivyogeuka, uongo ule ule ndio umekutia pingu. Najiona mpumbavu nikiandika mstari huu lakini sitaufuta.

Siku sita nililala juu ya kile kipande cha jinzi. Halafu wakapiga ile picha yao ya kuhakiki, na mifupa haikukaa pale ramani ilipotaka. Wakapiga tena. Ile ile. Liang hakutushuku sisi, alishuku vitanda. Akadhani kile cha CT na kile cha chini havilingani, kimoja kimezama. Tulimkuta saa ya chakula, wenzake wanakula, yeye amepiga magoti na pima maji kama ya waashi, anaiweka kwenye ubao, anaandika, anapanda ngazi kwenda jengo la mbele, anarudi anaiweka tena. Mkuu wake akaja akamsema pale pale koridoni, mbele ya wagonjwa. Sikukuomba unitafsirie. Ulinitafsiria mwenyewe: "Anamwita mzembe. Anasema kama vitanda ni vizima basi mikono yake ndiyo mibovu."

Nami nikasema twende, chai inapoa. Mtu anavunjiwa heshima kwa ajili ya kitambaa nilichokishona mimi, nami nakumbuka chai. Kwa hilo naona haya hadi leo, kuliko lile la sikio.

Juzi wakanisimamisha matibabu ili wakague mashine. Siku hiyo hiyo sikio la kushoto likaziba, na wewe ukaunganisha mambo mawili ukajihukumu. Jana ukaleta hukumu yako kitandani kwangu. Ndipo nikasema yamenifika hapa.

Leo ulipotoka tu, nikavaa, nikashuka barabara ya Huanshi Zhonglu peke yangu. Sikumwambia Mama Kui. Nikafika hospitali, nikashuka kule chini, nikamkuta Liang anakula wali kwenye bakuli la bati. Akasimama, akakutafuta wewe nyuma yangu. Nikatikisa kichwa. Nikavua mtandio. Unajua mimi mbele ya mwanamume sivui, nimevua. Nikautoboa mshono kwa meno, nikatoa kile kipande cha jinzi, nikakiweka mezani kwake karibu na wali. Nikashika nywele zangu hizi zilizobaki, nikasema toufa, nywele. Nikaonyesha jengo la mbele, nikasema kule, nyingi. Nikaonyesha kitanda cha pale chini, nikasema hapa, hakuna. Halafu nikajipiga kifua: mimi nimesema uongo. Binti hakutaka. Mimi nilimlazimisha. Kichina cha kuokota hicho, tena kwa koo hili, lakini nilikirudia mara tatu.

Aliweka bakuli chini. Akachukua rula, akakipima kile kitambaa kilivyokunjwa, akakifunua, akakipima tena. Nikangoja anitukane, nilikuwa tayari. Akasema polepole, neno moja moja, ili nimpate: "Ilinipasa nikuulize wewe mwenyewe. Niliogopa kukukosea adabu, kwa sababu ya dini yako." Nikamwambia kwa Kiswahili, maana Kichina kilikuwa kimeniishia, basi sote wawili tumekoseana kwa adabu. Akaitikia kwa kichwa utadhani ameelewa.

Akanipeleka kwa mkuu wake. Sijui alimwambia nini, ila mkuu alinitazama nywele, akamtazama Liang, akamwita kwa jina lake kwa upole. Mimi nikasimama pale wima. Sikuinama, Salha. Kosa nimelikubali, kuinama ni kitu kingine.

Kuhusu sikio, niliuliza. Daktari akanichorea kwenye karatasi. Kuna bomba dogo kutoka nyuma ya pua kwenda sikioni, na uvimbe umekaa mlangoni pake. Anasema huenda bomba limeziba kwa ugonjwa wenyewe, huenda kwa tiba hata kama ningelala sawasawa, huenda ni zile siku sita. Nikamuuliza ni lipi. Akafungua mikono. Hajui, wala hatajua. Kwa hiyo na wewe huna haki ya kujua, kwa sababu hujasomea bado. Kama sikio halitarudi, limepotea mkononi mwangu, na ninalo lingine. Huna deni kwangu la kulilipia, na usithubutu kulibeba kwenda nalo Wuhan.

Hizo siku sita wataziingiza kwenye hesabu zao na kupanga upya zilizobaki. Hawakuniahidi kitu. Nami sitakuahidi kitu, nisikudanganye mara ya pili. Naweza kupona, naweza nisipone. Hata nisipopona, sitaki kufa nimekukalisha kwenye kiti cha koridoni unangoja kuitwa unitafsirie. Hilo sitalikubali kabisa, na Hamadi akipiga simu nitamwambia hivyo hivyo.

Unakwenda kusomea kazi ya Liang, na sitakufundisha kazi nisiyoijua. Lakini mwili wa kulala pale juu naujua. Siku moja atakuja kwako mwanamke wa aina yangu, amejifunga kitu kichwani, ana maneno mengi, anakucheka kidogo. Muulize. Muulize nywele, meno ya bandia, kama amekonda, amevaa nini ndani ya nini. Akikasirika mwache akasirike. Na ukiona anayemtafsiria ni mwanawe, mtoe yule mtoto nje na utafute mtu mwingine, hata kama ni mfagiaji. Mtoto hawezi kumwambia fundi kwamba mama yake anasema uongo. Mimi nimeliona hilo machoni mwako nikakufinya.

Nisamehe. Naliandika neno hilo mara moja tu, kwa sababu nimezoea kulisema kwa mzaha na safari hii si mzaha.

Sasa la kesho. CT mpya ni saa tatu asubuhi, na treni yako ni saa tatu unusu. Najua utakachofikiria, kwamba ukikimbia hospitali kwanza, treni utaikuta nyingine. Liang naye aliniuliza nani atatafsiri. Nikamwambia mimi. Akanijaribu pale pale: lala, usitikisike, pumua, inauma, haiumi. Nikamjibu yote. Maneno ya mle ndani ni machache kuliko ya sokoni, nimeyasikia kila siku kutoka kwako bila kujua kwamba nayashika. Nitalala kichwa wazi, sina rasta wala kitambaa, na kinyago kitachongwa kwa kichwa nilicho nacho.

Halafu nikampa picha yako, ile ya pasipoti. Nikamwambia huyu kesho akitokea hapa, msimfungulie mlango. Alicheka, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia mara mbili, kwa Kichina changu mwenyewe, na ameibandika picha yako mlangoni.

Mama yako,
Zuhura